Nyumba inachafua hewa kabla hujalala ndani

Haya ni maongezi yangu ya Jumamosi pale Mtwara mjini, mbele ya mafundi, wanafunzi wa ujenzi na watu wenye viwanja vyao. Mdogo wangu kayatoa kwenye rekodi ya simu, mi nimepunguza vikohozi tu, sijayapiga pasi.

Mtwara kuchele! (Kucheleee!) Haya. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, mafundi habari za kazi, na nyie wanafunzi mliojazana karibu na mlango nawaona, mkitoka kabla sijamaliza sura zenu nishazishika.

Kabla ya yote angalieni hapa. Hili ni tofali la udongo, la kufungamana, tumelifyatua Naliendele wiki tatu zilizopita, udongo wetu ule ule mwekundu wenye kichanga na saruji kidogo, halijachomwa. Hii ndoo ina maji. Nalitumbukiza hivi. Tutalitoa mwishoni, asiliguse mtu.

Mi kazi yangu ni mkadiriaji majenzi, QS, yaani yule mtu anayekwambia nyumba yako itakula mifuko mingapi, we humwamini, unaenda kumuuliza fundi, fundi anakutajia nusu yake unafurahi, halafu ukifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, unanipigia simu usiku. Miaka yote nahesabu hela za watu. Siku hizi nimeanza kuhesabu kitu cha pili, kaboni, yaani hewa ukaa inayotoka kwenye kutengeneza vifaa na kwenye umeme, na nilichokigundua ni kwamba mara nyingi panapovuja hela ndo hapo hapo panapovuja kaboni, ndo maana nimekubali kuja kuongea, maana kama ingekuwa ni habari za kuokoa dunia tu nisingewapotezea Jumamosi yenu.

Nimeitwa kuongelea vyeti vya majengo ya kijani. Mtu akisikia jengo la kijani anawaza rangi, ama maua barazani. Ni hivi, kuna watu wameweka mizani, jengo lako linapimwa linakula umeme kiasi gani, maji kiasi gani, limejengwa kwa vitu gani, hewa ya ndani ikoje, unajumlishiwa pointi unapewa daraja. Waingereza walianza na BREEAM mwaka 1990, Wamarekani wakaja na LEED, South Africa wana Green Star, halafu IFC ambao ni wa kundi la Benki ya Dunia wana EDGE, hiyo ndo nyepesi kidogo kwa nchi kama zetu, wanataka uokoe walau asilimia 20 kwenye umeme, 20 kwenye maji na 20 kwenye vifaa, na programu yao ya kupigia hesabu unaingia bure kwenye intaneti. Kinacholipiwa ni cheti chenyewe.

Sasa mi vyeti hivi kwa muda mrefu nilikuwa naviona kama mashindano ya urembo, niseme ukweli. LEED ya zamani ukiweka sehemu ya kuegesha baiskeli unapata pointi, kwa mtindo huo Masasi nzima tungeipa dhahabu. Halafu mtu anapandisha ghorofa la vioo toka chini mpaka juu, kwenye jua kama hili letu, anafunga AC za kisasa na taa za LED, anapewa cheti anapiga nacho picha. Hakuna aliyemuuliza zege lote lile lilitoka wapi.

Ndo sasa wameanza kuuliza. LEED toleo la tano limetoka 2025, karibu nusu ya pointi zimehamia kwenye kupunguza kaboni, na kabla hujahesabiwa hata pointi moja kuna mambo ya lazima, mojawapo lazima upige hesabu ya kaboni iliyomo kwenye vifaa ulivyojengea na uoneshe ni vipi vinaongoza kwa kuchafua. Lingine, lazima uchunguze jengo lako litapatwa na nini hali ya hewa ikiharibika, mafuriko, upepo, joto. Na ile daraja ya juu kabisa, Platinum, zamani ukifikisha pointi 80 umemaliza, saivi unazo 80 na bado unakutana na masharti ya kaboni mlangoni.

Kwa hiyo kuna kaboni mbili, mi nimezipa majina yangu ili mafundi wangu wanielewe. Kuna kaboni ya kukalia, hii ni umeme wa feni, wa AC, wa friji, kila mwezi unanunua LUKU unachafua kidogo kidogo. Na kuna kaboni ya kujengea, hii unaimaliza yote siku ya kujenga, huwezi kuirudisha, huwezi kusema nitabana mwezi ujao.

Tupige hesabu hapa hapa, we kijana wa shati la bluu shika simu yako. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kwa wastani wa dunia, ulipotengenezwa ulitoa kama kilo 30 za hewa ukaa. Nyumba ya vyumba vitatu tuseme imekula mifuko 300, msingi, bloku, lipu, sakafu. Mia tatu mara thelathini? Elfu tisa. Tani tisa hizo, na sijagusa nondo, sijagusa bati, sijagusa aluminiamu ya madirisha. Haya, mama mwenye nyumba ni wa zile yuniti 75 kwa mwezi, za bei ya chini. Umeme wa kuchoma gesi yuniti moja ni kama nusu kilo, na hapo nimemkadiria juu maana saivi bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115 na maji hayatoi moshi. Sabini na tano mara kumi na mbili, gawa kwa mbili. Ngapi? Mia nne hamsini kwa mwaka. Sasa chukua elfu tisa gawa kwa mia nne hamsini.

Ishirini. Umesikia? Miaka ishirini ya LUKU, mama yule ameshaichafua kabla hajalala ndani hata usiku mmoja, kwa saruji tu.

Ndo maana nasema Ulaya wana haki ya kuanza na umeme, wao wanapasha nyumba moto nusu mwaka. Sisi huku wengi wetu tuna feni mbili na friji. Kwetu mzigo uko kwenye kujenga, na toleo hili jipya la vyeti ndo kwa mara ya kwanza naona limegusa sehemu inayotuwasha sisi.

Msinielewe vibaya kwenye saruji. Kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa kwetu tangu 2015, kina uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, ndugu zetu wanakula pale, na mi nikikosa saruji nakosa kazi. Lakini lazima mjue inavyopikwa. Unachukua jiwe la chokaa unalipika kwenye tanuri mpaka kama nyuzi 1,450, na jiwe lile lenyewe ndani yake limebeba hewa ukaa, likiiva linaiachia. Sehemu kubwa ya moshi wa saruji, kama asilimia 60, inatoka kwenye jiwe, siyo kwenye moto. Kwa hiyo hata ukitoa makaa ya mawe ukaweka gesi yetu, umepunguza ule wa moto, wa jiwe uko pale pale, hata ungepika kwa dua.

Kinachosaidia ni kupunguza kile kilichopikwa ndani ya mfuko. Fundi, mfuko wa saruji unausoma au unauchana tu? Umeandikwa 32.5 ama 42.5, hiyo ndo nguvu yake. Zile za 32.5 mara nyingi zimechanganywa na vitu vingine vya kusaga, mawe ya chokaa ambayo hayajapikwa au majivu ya volkano, kwa hiyo kaboni yake ni ndogo na bei yake ni ndogo. Sasa mi nikienda saiti nakuta mtu anapiga lipu kwa 42.5, namuuliza kwa nini, ananiambia bosi kasema tuweke ile kali. Lipu! Ile kali iweke kwenye nguzo, kwenye bimu, kwenye slabu, huko ndo inahitajika, lipu na sakafu na kujengea tofali 32.5 inatosha kabisa. Na kuna saruji nyingine inakuja duniani, wanaiita LC3, nusu tu ndo ile iliyopikwa sana, iliyobaki ni udongo mweupe wa mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi 800 hivi na chokaa mbichi, inapunguza kaboni kama asilimia 40. Udongo wa aina hiyo Tanzania tunao, pale Pugu upo, sijui tunasubiri nini.

Halafu kuna dawa moja haimo kwenye mfuko wowote. Mapagala.

Mnacheka, lakini mnajua ninachoongelea. Ile miaka ya 2012, 2013, gesi imepamba moto, kila mtu hapa anajenga gesti, kila mtu ana mpangaji mzungu kichwani, mzungu hakuja, nyumba zimebaki zimesimama kwenye lenta, mti umeota sebuleni, mbuzi ndo wapangaji. Kwenye vyeti vipya ukitumia jengo ambalo tayari lipo unapata pointi nzuri tu, kwa sababu kaboni yake ilishatoka, msingi ule ulishalipiwa na moshi wake ulishakwenda. Sisi tunafanyaje? Mtu ananunua pagala kwa ajili ya kiwanja, analivunja, anaanza upya kwa sababu ramani ni ya zamani. Nilikuwa na mteja wa hivyo mwaka jana, bwana mmoja ana hela zake za korosho, anataka tulibomoe lote, vyumba vidogo anasema. Nikamwambia kaka nipe siku mbili. Tukaita injinia akagonga kuta, akaangalia nondo zilizoachwa wazi zimeliwa kiasi gani na kutu, maana chumvi ya bahari hapa haina huruma, zile za juu tukazikata, msingi mzima, kuta nzima. Tukatoa ukuta mmoja kati ya vyumba viwili tukapitisha bimu, basi, chumba kimekuwa kikubwa. Hela iliyobaki kaweka sola. Na bado kuna watu wa mtaani kwake wanamcheka eti kajenga kwenye gofu.

Nikija kwenye ramani zenyewe nitaudhi watu, nisameheni. Hizi nyumba za paa la kuficha. Nani kawaambia Mtwara hatuhitaji upenu? Mvua ya Januari inakuja ya pembeni, inapiga ukuta, lipu linabanduka, na jua linaingia dirishani mpaka kitandani. Upenu wa mita moja ni mbao chache na bati kidogo, ndo AC ya bei rahisi kuliko zote. Kumbukeni sisi tuko nyuzi kumi kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 20 Oktoba na tena mwishoni mwishoni mwa Februari. Katikati ya mwaka liko upande wa kaskazini, Desemba limesogea kusini kidogo. Maana yake madirisha yakiangalia kaskazini na kusini unayakinga kwa upenu tu. Yakiangalia magharibi huna cha kuyakinga, jua la saa kumi linaingia limelala.

Na hili nalijua kwa ubaya wangu mwenyewe. Nyumba yangu nimejenga 2014, nimechora mwenyewe, sebule nikaipa dirisha kubwa la magharibi ili niangalie jua likizama, kama hotelini. Jioni moja umeme umekatika, namtuma mtoto alete mshumaa, akasema baba umeharibika. Nikaenda. Tuliuacha dirishani, umeinama wote, kichwa kimegusa chini kama mtu aliyesujudu. Hakuna aliyeuwasha. Mke wangu hakusema kitu, akaniangalia tu, na mi ndo nilikuwa mchoraji. Miaka mitatu tumeangalia pazia badala ya jua, mpaka nikaezeka baraza upande ule, ambalo lilitakiwa liwepo tangu siku ya kwanza.

Baraza! Nendeni Mikindani hapo, siyo mbali. Zile nyumba za zamani kuta zake ni za mawe na chokaa, nene, ukiweka kiganja saa nane mchana ukuta bado una baridi ya asubuhi. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba moja iipe nyingine kivuli. Vyumba vyembamba, kwa sababu dari ni boriti za mikoko na boriti ina urefu wake, huwezi kuilazimisha. Kilwa Kisiwani ni hivyo hivyo, msikiti mkuu na lile kasri la Husuni Kubwa ni mawe ya matumbawe na chokaa, miaka mia sita na zaidi, hakuna hata ubua wa nondo. Nani kati yenu mafundi anaweza kuniahidi miaka mia sita? Hata sitini sitaki kuuliza.

Ila nisisikie mtu kesho kaenda kung'oa matumbawe anasema nimemtuma mimi. Yale mawe ni nyumba za samaki, tulishayachoma ya kutosha kwenye matanuri ya chokaa ghuba hii yote, na ukichoma chokaa nako unaachia hewa ukaa ile ile ya kwenye jiwe. Boriti za mikoko hivyo hivyo, mikoko ndo inashika ufukwe. Tuchukue akili ya nyumba ile, vifaa vyake tuviache baharini. Akili yenyewe ni kivuli, na dirisha la upepo kuingilia na lingine la kutokea. Wavuvi hapa hawahitaji kufundishwa, kusi inatoka wapi na kaskazi inatoka wapi wanajua wakiwa wamelala. Muulize mvuvi kabla hujamuuliza mchoraji.

Bati nalo, chagua rangi ya mwanga. Naona mabati meusi, ya kahawia iliyoiva, mazuri kwenye picha, ndani unaiva kama ndizi. Na acha matundu juu ya siling'i hewa moto itoke. Hilo tu, nisilirefushe.

Kuna kitu kimoja kwenye hivi vyeti vipya sikubaliani nacho, nikiseme. Vinasukuma majengo yaache kuchoma kitu chochote ndani, kila kitu kiwe cha umeme. Sawa, kwao. Sasa njoo umwambie mama wa Chikongola anayepikia mkaa, aliyeletewa bomba la gesi ya Mnazi Bay mpaka jikoni, kwamba gesi ni dhambi. Kwa yule mama gesi ni hatua kubwa, msitu umepumua na macho yake yamepumua. Hoteli ya vyumba mia iende kwenye umeme, haina kisingizio. Kwa nyumba za kawaida hapa mi naona mizani hiyo haijamfikiria mtu wa kwetu, na mkipata nafasi ya kutoa maoni mseme.

Na kwa nini mjue haya wakati hamna mpango wa kuomba cheti? Kwa sababu anayekuja kujenga hapa, ghala bandarini, hoteli, na ule mradi mkubwa wa gesi wa Lindi kule Likong'o siku ukianza, atakuja na mkopo, na mkopo utakuja na karatasi ya maswali, saruji umetoa wapi, tofali gani, kaboni kiasi gani. Fundi asiye na jibu atabeba kokoto, mwenye jibu atapewa saiti.

Suala la upepo nalo. Tarehe 25 Aprili 2019 mnakumbuka tulivyokuwa, kimbunga Kenneth kinakuja, watu wamehamishwa, maduka yamefungwa, kikaenda kupiga wenzetu wa Cabo Delgado kule Msumbiji. Wazee wa Lindi wana habari za kimbunga cha 1952, waulizeni. Kenchi funga na ukuta kwa vyuma, siyo misumari miwili na bismillah, kwa sababu paa likiruka unanunua bati mara ya pili na kaboni yake mara ya pili.

(Hapa mzee mmoja kanyoosha fimbo.) Karibu mzee wangu, sema. Mzee anasema yeye amezaliwa kwenye nyumba ya fito na udongo, kahangaika na korosho miaka thelathini akajenga ya bloku, leo mimi kijana na kipaza sauti namrudisha kwenye udongo. (Kicheko.)

Mzee, shikamoo tena. Nyumba yako usiiguse, ni nzuri, na kaboni yake ilishakwenda. Naongea na mjukuu wako anayejenga mwakani. Simrudishi kwenye fito, fito zina mchwa na kila masika unakandika upya, nani anataka. Namwambia tofali la udongo la kushindiliwa kwa mashine, NHBRA, wale wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba, wamelihubiri miaka mingi, saruji ni sehemu ndogo kwenye mchanganyiko, halichomwi kwa kuni kama zile za Newala na Masasi, yanashikana yenyewe kwa hiyo hupotezi saruji ya kuunganishia, na lipu la nje siyo lazima. Msingi uwe wa mawe ama bloku, unyanyuke juu ya ardhi, na upenu uwepo. Ukinyima upenu nyumba ya udongo umeiua.

Haya, muda wangu umeisha naona mwenyekiti anakuna saa. Tulitoe tofali letu. Njooni karibu, wale wa nyuma pia, mlango hauondoki.

Maji yamekuwa mekundu kidogo, mnaona, siyo sana. Shika hapa dada, bonyeza kwa kidole gumba. Gumu? Gumu. Uso wote huu uko vizuri, lakini angalieni kona hii, imemeguka, sifichi. We fundi, hili ulilimwagilia maji siku ngapi baada ya kulifyatua? ... Siku tatu! Kivulini au juani? ... Mnamsikia, juani. Tofali hili linataka kivuli na maji wiki mbili, siyo siku tatu. Leteni lile lingine lililokaa chini ya mkorosho, tulitumbukize na lenyewe, tule wali halafu turudi kuliangalia.